Mama kaniita wa kupita mbele ya watu, na fomu ya TASAF ninayo mimi

Shangazi, shikamoo. Saa hizi watu wote wamelala, mimi usingizi umenikataa kabisa. Nikilala kidogo tu nasikia lile neno.

Tulikuwa ofisi ya kijiji kwenye uhakiki wa wanaopokea hela ya TASAF, ile ya serikali ya kusaidia kaya maskini, walengwa wote wamejaa. Mama akaulizwa namba ya simu ya malipo iwe ya nani. Mimi nimeshatoa simu yangu, nimesimama pembeni yake, maana ndiye niliyemkokota mpaka pale na goti lake lile. Akasema, "Huyu ni wa kupita. Andika ya mke wa mwanangu." Mbele ya mtendaji, mbele ya wamama ninaokutana nao kisimani. Wa kupita! Shangazi, maji ya kuoga asubuhi ile alichemshiwa na nani?

Mambo yenyewe unayajua. Zamani hela ilikuwa inatolewa mkononi, mlengwa anakaa kwenye benchi anasubiri kuitwa, anaweka dole gumba, anahesabu chake anaondoka. Ilipokuja hii ya kwenye simu ndipo matatizo yalipoingia nyumbani kwetu. Ule wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho ukawa Januari 2020, mama alipelekwa akasajili ya kwake. Kidole kikagoma. Kikafutwa kwa kanga, kikapakwa mafuta, kikafutwa tena, kile kimashine kinakataa tu. Mtu amekamua mawese tangu usichana wake, dole gumba limelika limekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Laini ikazimwa. Baadaye ilipotakiwa namba ya malipo ikaandikwa ya wifi yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mimi nilikuwa Kasulu kwa mume, na habari za huyo mume sitaki hata kuzianza.

Basi hela ikiingia, inaingia kwa wifi, huko Gungu anakoishi. Anapanda gari mpaka huku kwetu mbele ya Mwandiga, anakaa kitandani kwa mama, anafungua fundo la kanga taratibu, anatoa noti mbili za elfu kumi na kipande cha sabuni. Mama anazipokea kwa mikono miwili. Anamwombea dua yeye, watoto wake, na biashara yake ya dagaa. Mimi ninayesonga ugali kila siku ya Mungu sijawahi kuombewa hata dua ya kusimama. Sisemi kwa wivu, nasema ili uelewe.

Likizo iliyopita mtoto wa kaka alikuja na simu ya mama yake, ananionyesha picha. Ujumbe wa malipo nikauona. Sikupekua, naapa, ulikuwa hapo hapo juu. Hela ilizidi mbali zile noti mbili. Nikamuuliza wifi kwa upole tu, akasema kuna makato, kuna nauli, na yeye pia ana watoto. Makato ya wakala nayajua, mimi mwenyewe natoa hela kila gulio. Hayali kiasi kile. Hiyo hela inakuja kila baada ya miezi miwili, sasa piga hesabu mwenyewe tangu nilipokuwa Kasulu.

Mtendaji alipoona tunabishana akasema tukakubaliane nyumbani, fomu akanipa mimi kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma. Inatakiwa namba ya NIDA ya mama, ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20, hiyo ipo. Jina nalo ni tatizo, kwenye orodha yao kaandikwa la marehemu baba, kwenye kitambulisho ni la babu mzaa mama, inabidi yalingane ili malipo yasigome. Hilo nitalishughulikia, si gumu. Kisha kuna nafasi ya simu au akaunti ya benki. Wamesema bora iwe ya mlengwa mwenyewe, asiyeweza aandike ya mtu wa kaya anayemwamini.

Wa kaya ni nani kama si mimi? Wifi ana kaya yake Gungu, bati jipya.

Na sitaki namba yangu iandikwe. Hilo nalisema wazi kabisa ili usije ukanidhania. Nauza mawese, nina mihogo yangu, sijawahi kulala njaa kwa kukosa hela ya mama. Ila laini yangu haina matatizo, nimepiga *106# jina ni langu na hakuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nasema tu.

Jirani yangu mmoja anasema nimpeleke mama mjini wajaribu vidole vyote kumi, si dole gumba peke yake, kwamba huwa kuna kimoja kinachosoma, asajiliwe laini yake au afunguliwe akaunti yamalizike. Nikamwambia mama. Akauliza namba ya siri atamkumbukia nani. Nikanyamaza nimsikilize. Akajibu mwenyewe, "Nitampa mke wa mwanangu."

Kaka siwezi kumwambia. Nilivyorudi kutoka Kasulu alishatangaza kwamba nimerudia michikichi ya baba. Nikimwambia mkeo anamega hela ya mama, atasema si nilisema, ameanza. Na wifi si mtu mbaya, nilipojifungua huyu wa pili ndiye aliyekuja kukaa na mimi. Lakini hela ya kizee, Shangazi!

Jana nikaona basi, nikamweleza mama kuhusu ule ujumbe. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua macho. Akasema, "Najua. Nikimnyang'anya hiyo, atakuja kufanya nini huku? Hao wajukuu nitawaonea wapi?" Akaendelea kuchambua. Sasa kama anajua, si angeniambia mimi faragha? Kulikuwa na haja gani ya kuniita wa kupita mbele ya watu? Kaka yangu huwa halali hapa hata Iddi.

Fomu iko juu ya meza, sehemu zote nimejaza isipokuwa hiyo ya namba. Mama ataweka dole popote nitakapomwonyesha, hajui kusoma. Nikiandika ya wifi nitakuwa nimekubali wizi kwa mkono wangu. Nikiandika yangu, hata kama hela yote nitaiweka mkononi mwake, siku ambayo wifi hataletewa ujumbe itajulikana. Nikiacha wazi mama atakosa malipo, na nitaambiwa ni mimi. Nilifikiria pia nimsafirishe mjini alfajiri nimwambie tunaenda hospitali kupima goti, kumbe tunaenda benki. Hiyo ni dhambi? Maana goti kweli linahitaji kupimwa.

Tafadhali usinijibu kwamba nikae na mama tuzungumze, nimeshakaa naye. Fomu zinakusanywa Jumatatu. Jina langu usiliweke, na hapo nilipotaja Gungu upafute, wifi huwa anazisoma hizi barua zako zote.

Msomaji wako,
Kigoma