Tusisome rafu moja tu

Ndugu Mhariri,

Wengi hulalamika kwamba hawana muda wa kusoma vitabu. Siwaamini sana. Kurasa 10 kwa siku, kazi isiyozidi nusu saa kwa msomaji wa kawaida, ni kurasa 3,650 kwa mwaka, yaani vitabu 12 vya kurasa 300. Simu hula muda zaidi ya huo kabla hatujaondoka kitandani.

Linalonikera zaidi ni usomaji wa aina moja. Mpenzi wa riwaya hatoki kwenye riwaya, na wa vitabu vya siri za mafanikio (navyo vimezidi!) hatoki huko. Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, unaogawa maarifa katika makundi 10: 200 ni dini, 500 sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Tazama namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu ulichozoea, kisha azima kingine kinachoanza na tarakimu tofauti. Aliyezoea 800 ajaribu 500. Kikimchosha baada ya kurasa 50, akirudishe bila aibu, hakuna anayemsahihishia.

Shule nazo ziwape wanafunzi vipindi vya kusoma wanachotaka, bila maswali ya ufahamu mwishoni. Nadhani maswali hayo ndiyo yaliyowafanya wengi wetu tufunge vitabu siku tulipomaliza mtihani wa mwisho.

Ni mimi msomaji wako.