Madarasa ya kunyoosha viungo yatangazwe kwa wanafunzi wa ughaibuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwasihi wanafunzi wenzangu tunaosoma nje ya nchi zetu tusiyapuuze madarasa ya kunyoosha viungo taratibu, ambayo vyuo vingi huyaendesha jioni na ambayo wengi wetu huyapita tukidhani kuwa ni ya wazee au ya watu wasio na kazi.

Mimi pia nilidhani hivyo. Katika muhula wangu wa kwanza nilikuwa nikishinda mbele ya kompyuta, nikisoma kwa lugha ambayo bado ilinichosha, hata shingo na mabega yakakakamaa na usiku nikawa sipati usingizi. Siku niliyokwenda darasani niliketi kwenye mkeka, nikainama kwa nguvu zangu zote ili nishike vidole vya miguu, kwani nilikuwa nimelichukulia zoezi lile kama mtihani mwingine. Mwalimu alikuja kimya kimya, akakunja blanketi, akalipenyeza chini ya magoti yangu, kisha akaniashiria nirudi nyuma kidogo na kutoa pumzi. Tulitulia hivyo kwa dakika tatu hivi, na kabla hazijaisha nilihisi taya langu, ambalo sikujua kuwa nimelikaza, likilegea. Maneno yake mengi sikuyaelewa, lakini niliwatazama wenzangu nikafuata. Ilikuwa saa ya kwanza tangu nifike ambayo sikulazimika kutafsiri chochote kichwani.

Hakuna muujiza hapa. Msuli ukivutwa ghafla hujikaza ili kujilinda, ilhali ukivutwa polepole na kushikiliwa, mishipa ya fahamu huuruhusu ulegee. Na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Sisemi kwamba darasa hili linatosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki na wapunguze muda wa kukaa, na kwa hilo kunyoosha viungo peke yake hakufui dafu. Mwenye jeraha la mgongo au mjamzito amweleze mwalimu mapema, na yeyote anayepata maumivu makali au ganzi aache mara moja.

Wapo wanaosita kwa sababu ya imani, kwa kuwa mikao mingi imetokana na yoga, ambayo chimbuko lake ni India. Naiheshimu hofu hiyo. Wamwulize mwalimu kabla ya kujiandikisha, maana madarasa mengine huambatana na tafakuri na mengine ni kunyoosha viungo tu.

Ombi langu kwa ofisi zinazowapokea wanafunzi wa kigeni ni dogo. Kitabu cha mwongozo nilichopewa nilipowasili kilieleza viza, bima na maktaba kwa kurasa nyingi, lakini darasa hili nililijua miezi mitatu baadaye, kwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia nguo. Siku na saa za madarasa haya ziandikwe katika kitabu hicho, ili mgeni azijue tangu wiki ya kwanza.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili,
Ughaibuni