Barua kwa mwenzangu anayeanza kusimamia wanafunzi wa uzamili

Kampala

Dada mpendwa,

Nakusalimu wewe na jamaa wote wa Arua. Barua yako imenifikia, nami sikutaka kuchelewa kukujibu. Umeuliza kama mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya afya ya umma aende kijijini kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, au asubiri mpaka lipitishwe. Aende kabla. Kamati ya maadili ikiuliza amekwenda kwa kibali gani, ijibiwe kwamba hakwenda kukusanya takwimu, bali alikwenda kujitambulisha na kusikiliza watu wanasumbuliwa na nini.

Jambo hili si geni kwetu. Makerere ilipoanzisha shahada hiyo mwaka 1994, kwa mtindo ulioitwa shule ya afya ya umma isiyo na kuta, mwanafunzi alitakiwa kutumia sehemu kubwa ya masomo yake wilayani. Hata hivyo, kuwapo wilayani si sawa na kushirikiana na wanakijiji. Mara nyingi mwanafunzi hupiga hodi kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), hupewa mtu wa timu ya afya ya kijiji, yaani VHT, wa kumtembeza nyumba kwa nyumba, hujaza fomu zake, kisha haonekani tena. Watu wa VHT hufanya kazi ya kujitolea na wana mashamba yao, kwa hiyo siku wanayompa mgeni ni siku ya palizi iliyopotea. Naona ni aibu kwa bajeti ya utafiti kuwa na fungu la karatasi na la mafuta ya pikipiki, lakini wao wakakosa fungu.

Wakumbushe wenzako yaliyotokea Mubende mwaka 2022. Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa huko mwezi Septemba, hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa dhidi yake, hivyo kudhibiti mlipuko kulitegemea sana watu kukubali kuwataja waliogusana na mgonjwa na kukubali maiti izikwe kwa njia salama. Mtu hamtajii mgeni jina la mwanawe kwa sababu tu mgeni huyo amevaa kitambulisho. Imani hiyo hujengwa wakati ambapo hakuna mlipuko, na hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kujifunza namna inavyojengwa.

Kwa hiyo nakushauri usikubali tasnifu itetewe kabla matokeo hayajasomwa kijijini, kwa Kilugbara au kwa Kiswahili, na wenyeji wakapata nafasi ya kuyapinga. Sehemu ya alama za kazi ya nje itokane na maoni yao. Baadhi ya walimu watasema wanakijiji hawajui mbinu za utafiti. Ni kweli, lakini wanajua nani aliwasikiliza.

Nitumie rasimu ya mwongozo wenu kabla haijafika kwenye bodi ya kitivo, hasa ukurasa wa bajeti.

Ni mimi mwenzako,
wa Mulago