Barua kwa mwanangu Eliya: Walichokupima ni miwani, si macho

Mwanangu Eliya,

Salamu kutoka Same. Mama yako hajambo, mbuzi wawili wamezaa, mvua bado inatupiga chenga.

Juzi kwenye simu uliniambia macho umeshapima, tena bure, kwenye lile hema la wauza miwani hapo Mbagala. Sawa. Ila walichokupima ni miwani. Ulikaa kwenye kiti, ukasoma herufi, ukaambiwa unaona vizuri, ukaondoka. Hata mimi ningezisoma herufi zile zote, na jicho langu la kushoto limeshaliwa nusu.

Sijawahi kukusimulia nilivyojua. Nilikuwa naoga, sabuni ikaniingia jicho la kulia, nikalifumba, nikanyoosha mkono kuchukua taulo. Kamba naiona, taulo haipo. Nikageuza shingo kidogo, taulo hii hapa. Nikarudia mara tatu kama mtoto anayecheza. Kumbe miaka yote jicho zima lilikuwa linamfichia mwenzake aibu.

Hospitali ya KCMC kule Moshi wakasema ni presha ya macho, glakoma. Usiichanganye na presha ya damu, hiyo yangu iko sawa. Maji ya ndani ya jicho yanashindwa kutoka inavyotakiwa, yanakandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Huanza kula pembeni, katikati hubaki hadi mwisho, ndiyo maana herufi zinasomeka. Mtoto wa jicho hutolewa mtu akaona tena. Glakoma, ilichokula haikirudishi, hata upasuaji unalinda tu kilichobaki.

Na unafuata ukoo. Daktari aliniuliza nina watoto wangapi. Wanne, nikasema. Akasema waje wote. Babu yako tuliyekuwa tukisema kapofushwa na uzee, siku hizi namfikiria sana.

Unalalamika hela. Mimi kichupa cha matone, kidogo kama kidole gumba, nakinunua kila mwezi na nitakinunua hadi nizikwe. Nenda hospitali yenye daktari wa macho. Kabla hujakaa kwenye foleni uliza kama kadi yako ya bima inapokelewa, na uliza bei yote: kumwona daktari, kupima presha ya macho, picha ya mshipa, kipimo cha upeo wa kuona. Hivyo viwili vya mwisho wakati mwingine vinalipiwa kando, watu wakashtukia dirishani. Na fremu usinunue siku hiyo hata wakikubembeleza.

Ukiingia kwa daktari mwambie, "Baba yangu ana glakoma." Watakutia matone ya kupanua mboni ili waone nyuma ya jicho. Saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuchoma, kwa hiyo pikipiki iache nyumbani, panda daladala.

Nimekutumia elfu hamsini asubuhi hii, na ya kutolea. Usiende kununulia tairi.

Baba yako