Mbegu ya kondoo si kila kitu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyama ya kondoo imenifanya nishike kalamu. Mwandishi amezipanga mbegu za kondoo kama timu kwenye ligi: Dorper kileleni, Texel anafuata, Merino anaburura mkia. Mimi kazi yangu ni kukata nyama, na mbegu hizo zote zimepita mezani kwangu. Msimamo huo siuafiki.

Sikatai kwamba mbegu ina nafasi yake. Mbegu ndiyo inayoamua mafuta yakae wapi na mnofu uwe mnene kiasi gani. Dorper alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi aitwaye Blackhead Persian (ambaye asili yake ni Somalia, wala si Uajemi), na alikusudiwa nyama tangu mwanzo. Texel wa Uholanzi ana kasoro kwenye jeni inayozuia misuli isikue kupita kiasi, ndiyo maana paja lake limejaa na mafuta ni haba. Kondoo wa mkia mnene, kama Awassi, huweka akiba yake ya mafuta mkiani, hivyo ukimkata sarara (nyama ya mgongoni) unaikuta imekauka mafuta wakati mkia peke yake umejaa shahamu.

Lakini wingi wa mnofu na utamu ni mambo mawili. Mwaka 1983, huko Oklahoma, Marekani, alizaliwa dume la Dorset lenye makalio makubwa ajabu. Watoto wake walirithi maumbile hayo, wafugaji wakafurahi, nyama ikapelekwa jikoni. Sarara, sehemu ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa zile laini zaidi, ikawa ngumu! Misuli yao ina kiwango kikubwa cha protini inayozuia vimeng'enya vya kulainisha nyama baada ya kuchinja. Kondoo wa sifa kemkem machoni, ukimtafuna taya linachoka.

Kuhusu harufu ile kali inayowakimbiza walaji wengi, mwandishi ameitupia Merino lawama. Harufu hiyo inakaa kwenye mafuta, tena huongezeka kadiri mnyama anavyozeeka, na zaidi kwa dume ambalo halijahasiwa. Malisho nayo yana mkono wake: aliyekula majani matupu hutoa ladha tofauti na aliyenenepeshwa kwa nafaka. Mimi kabla ya kuuliza mbegu hufungua kinywa cha kondoo. Nikikuta meno ya utoto yote ya mbele yapo, najua nina mwanakondoo. Nikiona mawili mapana yamekwisha kuota, mnyama ameshatimiza mwaka na kitu. Yakiwa manane mapana, hiyo ni nyama ya kuchemshwa polepole, awe Dorper au nani.

Merino ana kasoro moja ya kweli, nayo mwandishi hakuigusa. Akisumbuliwa kabla ya kuchinjwa, huelekea zaidi kuliko wengine kumaliza sukari iliyo kwenye misuli. Sukari ikiisha, asidi haitengenezwi ya kutosha, na nyama inabaki nyeusi, inanata kidoleni, haikai muda mrefu. Mbebe kwa utulivu, mpe maji na mapumziko, utaona tofauti. Nimekata sarara ya Merino kijana aliyetunzwa hivyo, rangi ya waridi, nyuzi zake nyembamba kiasi kwamba kisu kilipita bila kuvuta.

Halafu kuna baridi. Mzoga ukisukumwa kwenye chumba cha barafu ungali wa moto, ukashuka chini ya nyuzi joto 10 kabla misuli haijakakamaa, nyuzi za misuli hujikunja na nyama inakuwa mpira. Kondoo wembamba wasio na mafuta ya kuwafunika ndio huathirika zaidi, maana hupoa haraka. Hapo mbegu hulaumiwa bure kwa kosa la mwenye friji. Mzoga uliotundikwa wiki moja kwenye ubaridi wa kadiri hulainika wenyewe.

Ombi langu kwa mwandishi ni dogo. Akirudia kulinganisha, aandike pembeni ya kila mbegu umri wa mnyama, jinsia yake, alichokula, na nyama ilitundikwa siku ngapi. Na asisahau kuionja ingali moto, kwa sababu mafuta ya kondoo yakipoa huganda kwenye kaakaa na kuharibu hukumu yote.

Wenu,
Mkata nyama