Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: taka za mgonjwa wa nyumbani tuzipeleke wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu, na pole na majukumu. Mimi ni mmoja wa wale waliouguza nyumbani kipindi cha korona. Mama yangu ana kisukari, korona ikamkuta hivyohivyo, hospitali zimejaa, tukaambiwa tumuuguzie nyumbani. Tukaelekezwa dawa, tukaonyeshwa kale kakifaa ka kupima oksijeni kidoleni, barakoa, kunawa mikono, kila kitu kwa kweli isipokuwa kimoja tu, takataka zake zinaenda wapi. Hakuna aliyesema na mimi sikuuliza, hata akilini halikuwepo.

Basi nikawa natupa kama siku zote, barakoa, glavu, tishu za makohozi, sindano za insulini, vyote mfuko mmoja na maganda ya jikoni. Asubuhi moja kijana anayezoa taka akaubeba ule mfuko, akaukumbatia kifuani maana mkono mwingine ulikuwa umejaa, mara nikasikia "aah!" akauachia chini. Sindano imetoboa mfuko ikamchoma kiganjani. Damu tone moja tu. Akajifuta kwenye suruali akaniambia "usijali dada, tumezoea" akaenda nyumba inayofuata. Mheshimiwa, hilo neno tumezoea linaniuma mpaka leo, kwa sababu sindano ile niliitupa mimi.

Jioni jirani yangu muuguzi ndo akanishtua, kwamba alitakiwa aoshe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, aende hospitali siku ileile, manake dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na ukichelewa zinapungua nguvu, halafu homa ya ini B inaambukiza kwa sindano kirahisi kuliko hata UKIMWI na chanjo yake ipo. Kesho yake nikamtafuta mpaka nikampata, akaenda, akameza dawa siku 28. Chanjo ya homa ya ini alikuwa hajawahi hata kuisikia, na kazi yake ni kushika taka za watu kila siku.

Februari 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa ripoti, wakakadiria dozi bilioni 8 za kwanza za chanjo ya korona zimezalisha tani 144,000 za taka za mabomba ya sindano, sindano zenyewe na maboksi yake, na karibu vituo vya afya 3 kati ya 10 duniani havikuwa na uwezo wa kuhimili hata taka za kawaida. Hizo ni za hospitali, ambako angalau kuna boksi la sindano ukutani. Sisi wa majumbani tunahesabiwa wapi?

Na wala sio mambo magumu. Sindano inaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko wa kusokota, kama ile ya sabuni ya maji, ikiingia humo haitoki tena, chupa ikifika robo tatu unafunga, unazungushia selotepu, unaandika SINDANO kwa herufi kubwa. Barakoa na tishu za mgonjwa zina mfuko wake, unafungwa vizuri, unaingizwa kwenye mwingine. India waliwaambia wananchi barakoa zikatwe zisije kuvaliwa tena, kisha zikae kando saa 72 ndo zitupwe. Na kuchoma uani tuambiwe ukweli, wengi tunaamini moto unamaliza kila kitu kumbe plastiki inatoa moshi wenye sumu na sindano inabaki kwenye majivu, watoto wanapita hapo peku.

Ninachoomba ni tufundishwe kwa mikono. Bango kituoni halitoshi, nani anasoma bango na mgonjwa mgongoni? Wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wakae na mtu dakika 10, wamwonyeshe chupa, wamwonyeshe mifuko, naye afanye wakiangalia. Mgonjwa akiruhusiwa kuuguzwa nyumbani, kwenye mfuko wa dawa iwemo na chupa ya sindano. Wazoa taka wapewe glavu nene, buti na chanjo, na wawepo kwenye mafunzo toka mwanzo maana wao wanajua kinachopita mle kwenye mifuko kuliko mimi na wewe. Na hii ifanyike sasa hivi watu wametulia, janga likishaingia hakuna mwenye masikio ya kufundishwa.

Mwisho kuna swali nahitaji jibu lako. Mama bado anachoma insulini, chupa yangu ya tatu imejaa, nimeifunga, iko juu ya kabati. Duka la dawa wameikataa, kituo cha afya wakaniambia wanapokea za kwao tu. Niipeleke wapi?

Ni mimi mwananchi wako, muuguzaji wa nyumbani.