Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotaka Kuchunguza Kazi na Ujira

Wanangu mnaosoma sayansi ya siasa Maseno na katika vyuo vingine vya magharibi mwa Kenya,

Nimefurahi mno kusikia kwamba baadhi yenu mnakusudia kuchunguza kazi na uchumi wa nchi zinazoendelea. Mwanauchumi atauliza mfanyakazi analipwa kiasi gani. Swali lenu ninyi ni nani aliyeamua alipwe kiasi hicho, na nani hakuitwa walipoamua.

Ujira wa mchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho hupatanwa baina ya chama cha wafanyakazi na waajiri, ilhali mkata miwa wa Muhoroni mara nyingi hulipwa kwa tani na mwanakandarasi ambaye hajadiliani na yeyote. Panga si jepesi kuliko kikapu. Kinachowatenganisha ni uwezo wa kujipanga, na hiyo ni siasa.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani, walioalikwa na serikali yetu, walitoa ripoti iliyobadilisha taaluma hii duniani. Waliona kwamba mafundi na wachuuzi ambao takwimu ziliwapuuza hawakukosa kazi, bali walifanya kazi kutwa na bado wakabaki maskini. Wakashauri kwamba serikali iache kuwabomolea na kuwafukuza. Leo, ukiwaacha kando wakulima wadogo, zaidi ya wanane katika kila Wakenya kumi wenye ajira wamo katika sekta hiyo ya jua kali, yaani kazi zisizo rasmi, na hata hapa Kisumu tumeshuhudia vibanda vikibomolewa. Kwa nini ushauri uliosifiwa hivyo ulishindwa barabarani, na ni nani aliyefaidika uliposhindwa? Mtafiti anaweza kulifuata swali hilo maisha yake yote, kuanzia kumbukumbu za mabaraza ya miji hadi leseni za wachuuzi, na sijaona aliyelimaliza.

Wafadhili watawaita kwa kazi fupi za ushauri. Zifanyeni, kwa kuwa karo za watoto hazingoji, lakini msiwaachie wawachagulie swali la maisha yenu.

Tena, kabla ya kupeleka makala kwa jarida la ng'ambo, rudini soko la Kibuye mkawasomee matokeo kwa Kiswahili au Kidholuo wale waliowajibu, maana wao ndio watakaowaonyesha mlipokosea hesabu.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Kisumu